Barakoa ya Mlangoni

Wasomaji wetu wa Handeni na Korogwe wamekwisha kuisahau barakoa. Ile iliyonunuliwa mwaka 2020 imekuwa kitambaa cha kupangusia kioo cha pikipiki, na mtu aliyeivaa kwa bidii siku zile huchekwa akikumbushwa. Sisi hatucheki. Twaandika maneno haya kwa kuwa twaona hesabu ya jambo lile haijafungwa, na wale wanaopaswa kuifunga wamenyamaza. Na maradhi mengine yaenezwayo kwa pumzi yangali pamoja nasi, wala hayatungoji.

Neno letu ni moja, nasi tutalisema tangu mwanzo, ili asiyependa kuendelea asipoteze wakati wake. Watu wa wilaya hizi mbili hawakuikataa barakoa. Walichokataa ni amri isiyo na maelezo. Nao wasemao kwamba watu wa shamba hawasikii wanawatwika watu hawa makosa ya wale waliotoa maagizo.

Na tukumbuke jinsi ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona katika nchi yetu alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alipatikana Arusha. Siku ya pili yake ikatolewa amri ya kufunga shule. Njia kuu itokayo Arusha kwenda Tanga na Dar es Salaam yapita Mombo, Korogwe na Segera, basi hapana mtu wa huku aliyeweza kudhani kwamba ugonjwa ule ni habari ya mbali. Ndoo za maji zenye bomba ziliwekwa milangoni, na mafundi cherehani wakaanza kushona barakoa za kitenge. Hesabu ya mwisho iliyotolewa ilifikia wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo hesabu haikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwezi wa Juni ikatangazwa kwamba ugonjwa umeondoka kwa maombi. Ulipoingia mwaka 2021 watu walizikwa kwa jina la “changamoto ya upumuaji,” na ile barakoa iliyokuwa amri ikawa alama ya woga. Tarehe 1 Februari waandishi wa habari waliitwa na Wizara ya Afya kuonyeshwa jinsi ya kusaga tangawizi, vitunguu na malimau. Tarehe 21 ya mwezi ule ule Rais John Magufuli alisema kwamba Serikali haikukataza barakoa, ila watu wajihadhari na za kigeni, wavae zilizotengenezwa nchini. Yeye alifariki dunia tarehe 17 Machi. Rais Samia Suluhu Hassan alipoingia, barakoa ilirudi katika nyuso za wakubwa, na tarehe 28 Julai alichanjwa mbele ya watu wote.

Msomaji na apime mwenyewe. Katika muda wa miezi 16 mtu wa Kwamsisi au wa Magoma aliambiwa avae, kisha asiogope, kisha avae ya hapa nchini, kisha avae tena. Je, twaweza kumlaumu akiona kwamba jambo hili ni la wakubwa na halimhusu?

Hatusemi kwamba kubadili neno ni aibu. Shirika la Afya Duniani lenyewe, mpaka mwezi wa Aprili 2020, halikuwashauri watu wazima wa afya kuvaa barakoa njiani. Tarehe 5 Juni likageuza, likashauri barakoa za kitambaa za tabaka tatu mahali ambapo watu hawawezi kuachana. Mganga abadiliye dawa baada ya kumpima tena mgonjwa wake ni mganga mwema. Lakini humwambia mgonjwa sababu yake. Akibadili dawa kila juma naye kimya, mgonjwa atakwenda kwa mwingine, na huyo mwingine hakosi kuwapo.

Basi amri ilipokosa sababu, ikazaa kitu tukiitacho barakoa ya mlangoni. Kila mtu aliyekuwa na shauri katika ofisi siku zile aijua. Mlangoni yuko askari, na amri yake ni kwamba asiyevaa haingii. Aingiaye huivaa mbele ya askari, hupita, na akiisha kuketi mbele ya karani katika chumba kidogo, madirisha yamefungwa, huishusha kidevuni apate kusema vizuri. Karani naye yake iko mezani. Katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, tuliona jambo lililopita hilo: aliyemaliza shauri lake alimvulia barakoa yule aliyesimama nje, na huyu akaivaa ingali na joto la pumzi ya mwenziwe, akaingia. Askari akaridhika, maana yeye aliagizwa kuangalia nyuso tu. Hivyo kitu kilichotengenezwa ili kuzuia pumzi ya mtu isimfikie mwingine kikawa njia ya kuipeleka moja kwa moja puani mwake. Na usidhani, ndugu msomaji, kwamba watu wale walikuwa wajinga. Walitii amri kama ilivyotolewa, hata nukta.

Huenda jina lenyewe nalo lilitupoteza kidogo. Barakoa si neno la mwaka 2020. Katika Unguja ya masultani lilikuwa vazi la uso la wanawake wa nyumba kubwa, tena lenye mapambo, na Bibi Salme binti Said, bintiye Sultani, ametaja vazi hilo katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1886. Huko Oman na katika nchi za Ghuba wako wanawake wazee walivaao hata leo. Barakoa ile ilikuwa ya heshima, kuusitiri uso mbele ya watu. Hii ya sasa ni ya kuzuia pumzi. Hatudai kwamba kila aliyeishusha kidevuni alikuwa akiwaza habari za Unguja! Twasema tu kwamba kama tangu mwanzo ingaliitwa kizuia-pumzi, pengine askari wa mlangoni angalitambua kwamba pua iliyo wazi ni sawa na kutovaa.

Sasa tuseme sababu yenyewe, maana haina ugumu, na mtoto wa darasa la nne aweza kuishika. Mtu asemapo, aimbapo, akohoapo, hutoa matone. Yaliyo makubwa huanguka karibu. Yaliyo madogo mno hukaa hewani kama moshi wa jiko katika nyumba isiyo na dirisha: hata aliyewasha moto akitoka, moshi ungali ndani, na aingiaye baadaye atakohoa. Nje, upepo huuchukua. Basi mkulima alimaye peke yake katika shamba lake la mahindi hana haja ya barakoa, wala mwendesha baiskeli, wala mama ateka maji lamboni. Lakini basi lililojaa, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi au ubaridi, laenda saa tano au sita kutoka Dar es Salaam mpaka Korogwe. Hapo ndipo mahali pake. Nasi twakumbuka vizuri kwamba katika mabasi yale abiria walivaa walipopanda, wakavua lilipoondoka, wakavaa tena walipoona askari wa barabarani. Hapana aliyewaambia kwamba kufungua madirisha mawili kungewafaa kuliko kumpendeza askari.

Na kuna mahali pengine pa hatari kuliko basi, napo hatukusikia pakitajwa katika maagizo yaliyotufikia: matangani. Wazigua, Wasambaa na Wabondei wana desturi moja katika jambo hili, kwamba msiba ni wa wote. Wanaume hukaa nje, chini ya mwembe au turubai, upepo wapita. Wanawake hukaa ndani, mkekani, bega kwa bega, mlango umerudishwa, wakilia na kuimba usiku kucha. Kama marehemu aliuguzwa nyumbani, aliyemwuguza ni mwanamke, na sasa ameketi katikati yao. Waliotunga maagizo, kama waliwahi kufika msibani, waliketi nje pamoja na wanaume, wasione yaliyo ndani. Maagizo yao yakasema “epukeni misongamano,” kana kwamba mama wa Kizigua aweza kuepuka kumlilia ndugu yake. Hawezi, wala hatutamshauri hivyo. Lakini angaliweza kushauriwa kwamba waombolezaji wahamie uani, na kwamba katika chumba kile wanawake wafunike pua na mdomo kwa upande wa kanga, zikunjwe tabaka mbili tatu ikiwa hapana barakoa. Ni msaada mdogo, lakini ni msaada, na haugharimu senti. Tena hauvunji mila yo yote, maana kanga tayari iko kichwani.

Jambo la tatu ni la Handeni hasa. Agizo la kwanza la siku zile, lililoandikwa katika kila ukuta, lilikuwa kunawa mikono kwa sabuni na maji yatiririkayo. Ni agizo jema. Walakini Handeni ni nchi ya kiu; hata maji ya mradi mkubwa wa HTM hutolewa katika Mto Pangani, upande wa Korogwe, yakasukumwa kwa mitambo kupanda huko, na mitambo ikisimama ndoo huwa tupu. Mwanamke aliyeamka usiku kwenda lamboni hatatiririsha maji yale kila mgeni aingiapo. Hakuwa mkaidi, alikuwa akipiga hesabu. Sasa, ugonjwa upitao zaidi katika hewa, na maji hayapo: ni kinga gani ingalipaswa kuhimizwa kwanza katika nchi kavu? Kitambaa kimoja hufuliwa kwa maji ya bakuli, kikaanikwa juani. Lakini Handeni na Korogwe, moja kavu na moja kando ya mto, zilipewa maagizo yale yale, kwa mpango ule ule, kutoka karatasi ile ile.

Wako watakaotujibu kwamba barakoa ni mambo ya kigeni. Tutawauliza kama wamewahi kumwona mwendesha bodaboda wakati wa kiangazi katika njia ya vumbi jekundu, alivyojifunga kitambaa mpaka chini ya macho. Hapana mgeni aliyemfundisha. Aliona vumbi, akafunika pua. Pumzi ya mgonjwa haionekani kama vumbi, na hiyo ndiyo kazi ya mwalimu, kuonyesha kisichoonekana.

Wengine wenye elimu watasema kwamba faida yake haikuthibitishwa. Hawa wanastahili jibu la taratibu. Katika majira ya baridi ya 1910 na 1911 tauni ya mapafu iliingia Manchuria, kaskazini ya China, ikaua watu wapata 60,000. Daktari Wu Lien-teh, aliyezaliwa Penang na kusoma Cambridge, alitambua kwamba yaenda kwa pumzi, akawaagiza waganga na wauguzi kuvaa kitambaa cha shashi chenye pamba. Daktari mmoja Mfaransa, jina lake Gérald Mesny, aliyekuwa na umri na sifa kumpita, alilidharau wazo lile, akaingia kwa wagonjwa bila kufunika uso. Baada ya siku chache alikufa kwa tauni ile ile. Tauni si jina geni kwetu: jirani zetu wa Lushoto waliishi nayo tangu mwaka 1980 kwa zaidi ya miaka 20, wakaugua watu zaidi ya 7,000, ijapokuwa wengi wao walipata ile ya mitoki.

Habari ya Manchuria ni ya mtu mmoja, wala mtu mmoja si ushahidi wa kutosha. Basi twende Bangladesh. Huko, tangu Novemba 2020 mpaka Aprili 2021, wataalamu walifanya jaribio katika vijiji 600, watu wazima zaidi ya 340,000. Katika nusu ya vijiji barakoa ziligawiwa bure, viongozi wa vijiji na wa dini wakazivaa wao kwanza, na watu wakapita masokoni na misikitini wakiwakumbusha wenzao kwa upole. Hapakuwa na askari wala faini. Wavaaji, ambao pengine walikuwa 13 katika kila 100, katika vijiji hivyo wakawa 42. Wagonjwa waliothibitishwa kwa damu wakapungua kwa sehemu 9 katika 100. Na katika vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali, wazee waliopita miaka 60 walipungua kuugua kwa sehemu 35 katika 100. Zile za kitambaa faida yake haikuonekana wazi hivyo, nasi hatulifichi hilo, maana ndilo linalotufanya tudai barakoa za hospitali kwa wazee na kwa wauguzi, na kitambaa pale tu pasipo na njia nyingine. Lakini angalia jinsi walivyofanya: walitoa bure, wakaonyesha mfano, wakaeleza. Sisi tulifanya kinyume katika yote matatu, kisha tukasema watu hawasikii.

Kwamba watu wa Korogwe husikia, tuna shahidi ambaye hakuna awezaye kumkataa. Kuanzia mwaka 2009 mpaka mwaka 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, kwa watoto 15,459. Na kimoja cha vituo vile kilikuwa hapa hapa Korogwe, chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Jaribio! Si chanjo iliyokwisha kukubaliwa, bali jaribio. Na mama zetu waliwaleta watoto wao, wakawarudisha tena na tena kwa miaka, wakachomwa sindano, wakatolewa damu. Kwa nini? Kwa kuwa kabla ya kutia sahihi au dole gumba, kila mzazi alikalishwa akaelezwa, akaruhusiwa kuuliza, akaruhusiwa kukataa. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo ile kwa watoto wa Afrika, sehemu ya sifa ilikuwa ya vijiji vya Korogwe. Watu hao ndio walioitwa wakaidi kwa sababu ya kitambaa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua, nasi tuliyaona kwa macho yetu mwaka 2021. Lakini hatuandiki ili kuyafukua makaburi. Twaandika kwa ajili ya kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani liliihesabu Tanzania katika nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, nao huenda kwa pumzi vile vile, katika chumba kile kile, katika basi lile lile. Kule Afrika ya Kusini wataalamu walichukua hewa ya wodi ya wagonjwa 17 wa kifua kikuu sugu, wakaipeleka katika vyumba viwili vya wanyama wadogo wa maabara, 90 kila chumba. Siku moja wagonjwa walivaa barakoa za hospitali, hewa ikaenda chumba cha kwanza. Siku ya pili hawakuvaa, ikaenda chumba cha pili. Hivyo kwa zamu muda wa miezi mitatu. Katika chumba cha siku za kutovaa waliambukizwa wanyama 69. Katika kile cha siku za kuvaa, 36. Habari hii ilichapishwa mwaka 2012, miaka minane kabla ya korona. Hatujui hoja iliyo wazi kuliko hiyo, tena haihitaji mashine kuieleza: chora vyumba viwili ubaoni, andika 69 na 36, kisha waulize wanafunzi ni kipi wangependa bibi yao aketi.

Basi nenda leo katika zahanati yo yote ya wilaya zetu siku ya kliniki. Benchi ni moja. Mzee akohoaye miezi miwili ameketi kati ya mjamzito na mama mwenye kichanga. Hapana aliyempa barakoa, hapana aliyemwambia aketi nje chini ya mti, wala hapana aliyekosea, maana amri ya mwaka 2020 ilikuwa ya korona, na korona imekwisha. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba si dharura tena. Amri ilikufa pamoja na jina la ugonjwa, kwa kuwa sababu yake haikuwahi kufundishwa.

Twadai mambo machache. Kila zahanati ya Handeni na Korogwe iwe na barakoa za hospitali za kumpa bure kila aingiaye akikohoa, na mhudumu amweleze kwamba anapewa kwa ajili ya wenziwe, si kwa kushukiwa. Benchi la wakohoao lihamishwe nje, chini ya paa, penye upepo. Hili halihitaji mfadhili, lahitaji wanaume wawili wa kubeba benchi. Halmashauri zikae na wenye mabasi ya Mombo, Segera na Mkata juu ya madirisha, sasa, kabla ya ugonjwa mwingine, wala si siku ya kutangazwa. Nasi walimu tusingoje waraka. Somo la pumzi na moshi lafundishika juma hili.

Tumesikia kwamba wako watakaosema fedha hazipo. Pengine ni kweli. Walakini fedha za kuchapisha matangazo ya “Hakuna Kuingia Bila Barakoa” zilipatikana, na machache yangali yamebandikwa milangoni mpaka leo, yamefifia kwa jua. Mganga Mkuu wa wilaya yo yote kati ya hizi mbili akiona tumesema uongo, au tumemwonea, ukurasa huu u wazi kwake, nasi tutalichapisha jibu lake lote bila kulipunguza neno.